Uzee hauna dawa, lakini maradhi ya wazee yana dawa



Katika msikiti ninaosomesha darasa baada ya sala ya Alasiri hapa Pemba, alikuwapo mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi hakukosa kuhudhuria. Alikaa mbele, karibu na nguzo, na alikuwa hodari wa kuuliza maswali. Kisha akaanza kusogea nyuma. Maswali yakapungua. Akawa anajibu jambo ambalo hakuulizwa, na vijana wakawa wanachekeana pembeni. Mwisho akaacha kuja. Nilipowauliza watu wake, jibu lilikuwa fupi: "Maalim, ni uzee tu. Karejea utotoni."

Nikaenda kumtazama. Nilimkuta ukumbini peke yake, redio iko kando imezimwa. Nilimwamkia shikamoo mara tatu ndipo akageuka. Nilipokaa karibu naye na kumsemesha taratibu, alinijibu kila kitu kwa akili timamu, hata akanikumbusha suala la mirathi tuliloliacha katikati. "Mwanangu," akaniambia, "darasa naipenda, lakini ninachosikia ni mvumo tu. Nikiuliza nachekwa. Bora nikae kwangu."

Alipopelekwa hospitali, sikio moja lilikutwa limezibwa na nta ngumu, ikatolewa siku ile ile. La pili ndilo lililokuwa limepungua nguvu kweli. Kumbe mzee hakurejea utotoni, alikuwa hasikii. Na mimi mwalimu wake, niliyesomesha mara kadhaa juu ya haki za wazazi, nilimtazama kwa miezi akisogea nyuma bila ya kumuuliza ana nini.

Kisa hiki kimenifanya nirudi kwenye vitabu, vya dini na vya elimu ya tiba, na ninayoyaleta leo ndiyo niliyoyapata.

Uzee ni kitu kimoja, maradhi ni kitu kingine

Mabedui walimwendea Mtume (SAW) wakamuuliza kama wana ruhusa ya kujitibu. Katika hadithi iliyopokewa na Usama bin Sharik, ambayo imo katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi, aliwaamrisha wajitibu, kwa kuwa Allah (SW) hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu. Walipouliza ni upi, akawaambia ni uzee.

Wengi wetu tunaishika hadithi hii kwa mkia wake. Tunasema: si unaona, uzee hauna dawa! Lakini tuitazame vizuri. Mtume (SAW) ametenganisha mambo mawili. Uzee wenyewe hauna wa kuuzuia, na Qur'an imelieleza hilo katika Suratu Yaasin aya ya 68 na Suratur Ruum aya ya 54, kwamba mwanaadamu hurudishwa kwenye udhaifu baada ya nguvu. Ama maradhi, hata yakimpata mtu wa miaka 90, yanabaki kuwa maradhi, na amri ya kujitibu iko pale pale. Kosa letu ni kuyachukua maradhi na kuyapa jina la uzee. Tukishayapa jina hilo, hatumpeleki mtu hospitali tena. Tunamtandikia kitanda na kusubiri.

Wanavyuoni wa tiba wa zama hizi wamefika mahali hapo hapo. Jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet limekuwa likikusanya tafiti za dunia nzima juu ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni. Ripoti yao ya mwaka 2017 ilitaja visababishi 9 vinavyoweza kuepukwa au kupunguzwa. Ya mwaka 2020 ilitaja 12, na ya mwaka 2024 ikafika 14. Wamekadiria kwamba lau vyote 14 vingeshughulikiwa, karibu asilimia 45 ya maradhi haya yangezuilika au yangechelewa. Katika orodha hiyo mna kupungua kusikia, kutoona vizuri, shinikizo la damu, kisukari, sigara, kukaa bila ya kutembea, huzuni na upweke. Ni mambo tunayoyaona majumbani mwetu kila siku.

Wapo watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu, sisi wazee wetu wanakula muhogo na samaki. Basi tutazame hapa hapa Tanzania. Watafiti walikwenda Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima karibu wazee 1,200 wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: zaidi ya wazee 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hao si watu wa London. Ni wakulima wa migomba na kahawa.

Masikio na macho

Mtu asiyesikia huacha kuzungumza, asiyezungumza huacha kutoka, na ubongo usioshughulishwa hudhoofika. Ndivyo wataalamu wanavyoeleza moja ya njia ambazo uziwi unaweza kuidhuru akili. Mwaka 2023 yalitoka Marekani matokeo ya utafiti wa miaka mitatu uliohusisha watu 977 wa umri wa miaka 70 hadi 84 wenye upungufu wa kusikia. Baadhi walipewa vifaa vya masikioni vya kuwasaidia kusikia, wengine walipewa mafunzo ya afya tu. Kwa ujumla wao tofauti haikuonekana. Lakini katika kundi la wale waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi, wenye maradhi mengine na hali duni, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa kiasi cha asilimia 48 kwa waliopewa vifaa. Ninaleta matokeo yote mawili kwa sababu elimu ni amana. Dawa hii haimfai kila mtu kwa kiwango kimoja, lakini kwa wanyonge imeonesha faida.

Kuhusu macho, utafiti mwingine wa Marekani uliotolewa mwaka 2022 uliwafuatilia watu 3,038 wenye mtoto wa jicho au maradhi ya presha ya macho. Waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu kwa uchache wa karibu asilimia 30 kuliko wasiofanyiwa. Utafiti wa namna hii hauthibitishi peke yake kwamba upasuaji ndio uliokinga. Hata hivyo, hata tukiiweka kando hesabu hiyo, mzee aliyefunguliwa jicho anausoma msahafu wake na anaiona ngazi ya msikiti. Hiyo peke yake haitoshi?

Miguu

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walifanya jambo ambalo watu waliliona la ajabu. Waliwachukua wazee 10 dhaifu wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kulelea wazee, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa mapaja, chini ya uangalizi, kwa wiki nane. Nguvu za mapaja kwa waliomaliza ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo msuli wa mtu wa miaka 90 haujafa, bali umelazwa.

Nani anaulaza? Mara nyingi ni sisi, tena kwa mapenzi. "Kaa mzee, usijisumbue, utaletewa." Anaondolewa shambani, anakatazwa kuchota maji, chakula anafuatwa nacho kitandani. Hata msikitini, mzee akiyumba siku moja tu anawekewa kiti cha kudumu. Fiqhi yetu iko wazi katika hadithi ya Imran bin Huswain: mtu huswali kwa kusimama, asipoweza ndipo akae, na asipoweza ndipo alale ubavu. Ruhusa ya kiti ni ya asiyeweza, wala asiyeweza haoni aibu kuitumia. Ama anayeweza, kumkalisha mapema ni kumnyima nguzo ya sala yake pamoja na nguvu za miguu yake.

Upweke

Hapa ndipo penye uzito zaidi kwetu. Mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya laki tatu. Waligundua kwamba wenye mafungamano mazuri na watu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko waliotengana na watu. Na kule kule Hai, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2017, wazee 34 wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu walikusanywa kwa makundi, vikao 14 kwa wiki saba, wakizungumza, wakikumbushana na kucheza michezo ya kushughulisha akili. Hali ya akili zao ikawa bora na wasiwasi ukapungua.

Ndugu msomaji, hivi vikao si ndiyo baraza? Msimu wa karafuu Pemba, wazee walikuwa wakikaa kwenye majamvi usiku kuchambua karafuu, vijana wakiwazunguka. Kina mama wakikaa kusuka ukili pamoja. Mzee hakuwa mgeni katika kazi ya nyumba. Leo vijana wengi wako Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Muscat, na waliobaki wanatazama simu. Mzee ana chakula, lakini hana mtu wa kusema naye.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefikia miaka 70. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Nawe uliye Kariakoo au Magomeni unatuma chochote kwa simu kila mwisho wa mwezi, Allah akulipe. Lakini jiulize: mara ya mwisho umezungumza na mama yako kwa muda gani, mbali na kumwambia "angalia meseji, hela imeingia"? Suratul Israa aya ya 23 haikuishia kwenye matumizi. Imekataza hata ile "ah!" ya kuchoshwa, na ikaamrisha mzazi asemeshwe kauli ya heshima. Yote hayo ni mambo ya ulimi na sikio, na imetaja hasa pale mzazi anapofikiwa na uzee akiwa kwako.

Siku ya Fat-hi Makka, Abubakar (RA) alimleta baba yake, Abu Quhafa, mzee aliyekwisha pofuka, mbele ya Mtume (SAW). Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini hakumwacha mzee nyumbani ili yeye mwenyewe amwendee. Kiongozi wa umma, siku ya ushindi mkubwa, yuko tayari kumfuata kipofu nyumbani kwake! Sisi tunasubiri wazee watufuate.

Tufanye nini?

Kwanza, tulifute neno "ni uzee tu" mpaka daktari alithibitishe. Mzee akianza kusahau, kupepesuka au kunyamaza, apimwe masikio, macho, shinikizo la damu na sukari. Utafiti wa afya uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionesha kwamba karibu mtu mmoja katika watatu wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la damu. Hao ndio wazee wa leo na wa kesho. Hospitali ziko Chake Chake, Wete na Mkoani. Na dawa za presha zisiachwe kwa sababu mtu "anajisikia mzima". Kwa Ramadhani, daktari aulizwe mapema namna ya kupanga saa za dawa.

Pili, tuache kuchokoa masikio ya wazee kwa unyoya wa kuku au njiti. Nta husukumwa ndani zaidi na ngoma ya sikio huweza kutoboka.

Tatu, mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, asisubirishwe wala tusikimbilie kusema karogwa au ana sheitani. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au sukari kushuka, yote huweza kumfanya mzee aweweseke. Tumsomee Qur'an, ni jambo jema, lakini tumsomee tukiwa njiani kwenda hospitali.

Nne, kamati za misikiti zitazame pahala pa kutawadhia. Sakafu inayoteleza na ngazi isiyo na pa kushika ndizo zinazowavunja wazee nyonga. Bomba la chuma la kushikia na taa moja havishindi uwezo wa jamaa wa msikiti wowote.

Tano, tuwarudishie wazee kazi. Awasikilize wajukuu juzuu zao, awafundishe kusuka, atembee kwenda sokoni akiweza. Na wewe uliye mbali, panga siku ya kupiga simu usiyotaja hela.

Haya hayatamzuia mtu kufa wala kuzeeka. Ajali ya kila mtu imekwisha andikwa, na Mtume (SAW) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Allah na kurudishwa kwenye umri duni. Lakini aliyeomba kinga kwa ulimi hatakiwi kukaa na mikono mfukoni.

Mzee wangu amerudi darasani. Anakaa kwenye nguzo ile ile, sikio lililozibuliwa akinielekezea mimi. Nami nimejifunza kusema taratibu na kumtazama usoni. Suala la mirathi tumelimaliza, na alinisahihisha mahali pawili.

Wabillahi Tawfiq.