Jua na Meno ya Mtoto

Mkulima anayetaka kuona kazi ya Vitamini D asiende mbali, aende bandani. Ndama akifungiwa gizani tangu kuzaliwa, bila jua wala majani makavu yaliyoanikwa juani, mifupa yake hulegea, magoti huvimba na miguu hupinda. Hata akinywa maziwa mengi, chokaa iliyomo, yaani kalsiamu, haimfai sana, kwa sababu Vitamini D ndiyo inayoisaidia kutoka matumboni na kuingia katika damu. Jambo hili wengi wamekwisha kuliona kwa ndama, na kwa watoto wenye matege. Wasilolifikiri ni kwamba meno nayo hujengwa kwa chokaa ile ile.

Tena hujengwa mapema. Meno ya utotoni huanza kuwa magumu ndani ya ufizi mtoto akiwa bado tumboni, karibu mwezi wa nne wa mimba. Gego la kwanza la kudumu, linaloota mtoto afikapo miaka 6 hivi, huanza kujengwa wakati anapozaliwa. Basi mama anayemtazama mtoto asiye na jino hata moja, akasema habari ya meno bado, amekosea. Kazi inaendelea chini ya ufizi. Mfupa uliolegea huweza kupona baadaye, lakini ganda gumu la nje la jino halifanyizwi mara ya pili. Likitoka na vishimo litakaa hivyo, na uozo hupata mahali pa kushika. Mwaka 1918 Bibi May Mellanby, mtaalamu wa Uingereza, alieleza jinsi watoto wa mbwa waliokosa vitamini hii, ambayo wakati ule haikuwa na jina, walivyoota meno kwa kuchelewa na yakawa mabovu.

Ninyi mnaokaa katika skimu za juu, kama vile Kinangop, mtauliza: je, jua si lipo? Lipo. Lakini miezi ya Juni na Julai, baridi na ukungu vikizidi, mtoto hufungwa blanketi na kofia, akalazwa ndani karibu na moto mpaka mama arudi kutoka kukamua. Jua haligusi ngozi yake, na vitamini hii hutengenezwa katika ngozi. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifai, na lile la saa moja asubuhi huleta joto tu. Linalofaa ni la kuanzia saa nne hivi, kivuli chako kinapokuwa kifupi kuliko wewe. Siku ikipata jua, mtoe mtoto nje kwa kitambo, uso, mikono na miguu ikiwa wazi, lakini asiachwe mpaka aungue. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe. Mtoto mwenye ualbino asianikwe juani. Kwake yeye, muulize mhudumu wa kliniki habari za vitamini ya matone.

Kwa chakula, msitegemee maziwa peke yake. Chokaa yanayo nyingi, lakini Vitamini D ni kidogo. Kiini cha yai, maini na samaki wenye mafuta ndivyo vinavyoileta. Kuuza mayai yote sokoni na kurudi na soda na biskuti ni biashara mbaya kwa meno mara mbili.

Habari ya fizi ni fupi. Vitamini D huimarisha mfupa wa taya unaoshika jino, na husaidia mwili kupigana na vijidudu. Lakini haiondoi uchafu, na fizi zinazotoka damu mara nyingi zinadai mswaki, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Wala msiilaumu vitamini kwa kila jino baya: rangi ya kahawia inayoonekana kwa watu wengi wa sehemu za Nakuru na Naivasha huletwa na floridi nyingi katika maji ya visima. Huko, mtoto mdogo apewe maji ya mvua, yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa.

Mtoto akifika miaka 6, mfungueni kinywa mtazame nyuma kabisa. Gego jipya huota pale bila jino lingine kung'oka, na wazazi hulidhani ni la utotoni, wakaliacha lioze wakingoja jingine. Jingine haliji. Mkiona kishimo au doa jeusi, mpelekeni kwa daktari wa meno kabla halijaanza kuuma.