Umechoshwa na Dawa za Presha au Kisukari? Sema Kabla ya Kuacha

Mkulima wa majani chai huko Othaya apimwa na kukutwa na presha ya 160 kwa 100, ingawa haumwi popote. Anaandikiwa vidonge vya kila siku. Baada ya wiki chache presha imeshuka, lakini miguu imeanza kuvimba. Dawa inamsaidia, na dawa hiyo hiyo inamsumbua. Aendelee au aache?

Wengi wanaoishi na presha au kisukari hufika hapo. Kuwa na shaka si kosa. Hatari iko katika kunyamaza.

Hatari ya kuacha kimya kimya

Mgonjwa akiacha dawa bila kusema, presha hupanda tena. Kliniki, daktari huona kipimo kiko juu, hudhani dawa haitoshi, na huongeza nyingine. Siku mgonjwa atakapomeza zote pamoja, presha yaweza kushuka mno akaanguka shambani. Dawa nyingine, kama atenololi, zikikatizwa ghafla zaweza kuudhuru moyo.

Mambo yanayoweza kurekebishwa

• Miguu kuvimba: mara nyingi ni amlodipini. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.
• Kikohozi kikavu: huletwa na enalaprili. Losartani ni nadra kukileta.
• Kukojoa mara kwa mara: dawa za kupunguza maji mwilini humezwa asubuhi ili usiku mtu alale.
• Tumbo kuvurugika: metformini humezwa pamoja na chakula.
• Hofu ya insulini: si dalili kwamba mgonjwa amefika mwisho. Mwili wenyewe hutengeneza insulini. Sindano hujazia iliyopungua.

Haki ya mgonjwa

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa faida, hatari na gharama za matibabu kwa lugha anayoielewa, pamoja na haki ya kuyakataa baada ya kuelezwa matokeo yake. Anayetaka kuelezwa kwa Gĩkũyũ na aombe.

Siku ya kliniki

1. Beba dawa zote, hata za mitishamba.
2. Taja siku ulizokosa kumeza, na sababu yake, hata kama ni nauli.
3. Uliza: "Nikiacha hii, nini kitatokea? Ipo nyingine?"

Kama kliniki iko mbali, anza kwa kuzungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako.