Mahindi ya Dona Yasiyoumiza Ini: Hatua Sita

Mahindi yanayoonekana mazuri yanaweza kubeba sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 sumu hiyo ilizuka Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Hapa Songea, tunakolima mahindi na kuyala kila siku, tahadhari ianzie shambani.

Sumukuvu hulenga ini. Seli za ini zikijaribu kuivunja, huigeuza kuwa kemikali kali inayonata kwenye vinasaba. Glutathaioni, kinga ya seli dhidi ya msongo wa oksidi, hutumika kuizima, na ikipungua seli hubaki wazi. Ini hilohilo ndilo linaloweka akiba ya glukosi baada ya mlo na kuitoa usiku ukiwa umelala. Likidhoofika, sukari ya mwili nayo huyumba.

1. Vuna mapema. Mahindi yakishakauka, usiyaache shambani yakaliwa na wadudu au kunyeshewa. Tundu la mdudu ni mlango wa ukungu.

2. Anika juu ya turubai. Udongo una vimelea vya ukungu na unyevu. Jioni funika, asubuhi geuza.

3. Pima ukavu kwa chumvi. Tia chumvi kavu vijiko vitatu kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza punje hadi robo ya chupa, funga, tikisa dakika moja au mbili, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Ongeza siku nyingine ya jua, kwa kuwa kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5.

4. Chambua kwa mkono. Toa punje zilizooza, zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani au nyeusi. Usizipeleke kwenye pombe ya komoni wala usiwape kuku au ng'ombe: sumu hurudi kwako kwa njia ya pombe, mayai au maziwa.

5. Hifadhi pakavu. Tumia mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, ukifunga kila tabaka barabara. Iweke juu ya chaga, mbali na ukuta.

6. Amua kabla ya kusaga. Kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumukuvu, kwa sababu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Lakini sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, hupandisha sukari haraka kuliko dona, yenye nyuzinyuzi zaidi. Basi mahindi uliyoyachambua vizuri saga dona. Yenye shaka yoyote, usiyale.

Usitegemee kupika: moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu. Na kwa kuwa homa ya ini aina ya B huzidisha hatari ya saratani ya ini kwa anayekula sumu hii, nenda kituo cha afya ukapime, na ukiwa huna maambukizi omba chanjo.