Kiangazi cha Rondo: funo na paa wanakula nini?

Ulaya kulungu hufukua theluji ili wale. Sisi Rondo hatuna theluji. Wanyama wetu wana shida gani?

Wana kiangazi. Upande wa Lindi mvua hukatika mwezi wa Mei, na hazirudi mpaka mwisho wa Novemba au Desemba. Theluji huficha chakula. Kiangazi hukiacha wazi lakini hakina nguvu, maana jani likikomaa na kukauka hubaki nyuzi tupu, protini kidogo. Nyati atajaza tumbo kwa makapi hayo na kucheua kutwa. Funo tumbo lake ni dogo, hawezi. Njaa humkuta katikati ya majani.

Basi anaponaje?

Kwa kuokota. Matunda yaliyodondoka, maua, machipukizi, hata majani yaliyoanguka yangali mabichi. Kupanda mti hajui, kwa hiyo hutegemea fujo za walio juu: kima na hondohondo hula kwa kumwaga. Ukisikia kima wanakula, tazama chini ya mti huo kwa utulivu.

Na maji?

Paa hukaa muda mrefu bila kunywa. Umande na majani humtosha.

Wazee husema moto huleta majani mateke. Si unawasaidia?

Unamsaidia tohe, mla nyasi. Funo na paa unawaunguzia akiba yote ya chini pamoja na vichaka wanamojificha. Theluji ikiyeyuka, chakula bado kipo chini yake. Moto hauachi kitu. Tena kuna jambo wachomaji wengi hawalitazami: miti ya miombo huchipua Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, kwa akiba iliyomo ndani ya mti na maji ya chini kabisa. Hapo ndipo ahueni ya wanyama inapoanza. Moto wa Oktoba huikuta ahueni hiyo ikiwa changa, na huo kwangu ndio mbaya kuliko yote.

Nsya wananimalizia mbaazi. Nifanyeje?

Mwezi wa Julai mbaazi yako ndiyo kijani pekee shambani, tena jamii ya kunde, yenye protini. Ungekuwa nsya ungeipita? Mistari ya kando ya msitu panda ufuta. Wakati huo utakuwa umekwisha vunwa, na nsya hapendi kuvuka mahali peupe. Mitego ya waya acha; haichagui mnyama, na humnasa hata mbwa wako.