Funga Daftari Kwanza: Kwa Kijana wa Ruaha Anayekwenda Kusoma Saikolojia

Kwa kawaida matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na vyuo hufunguliwa mwaka ukielekea ukingoni. Hapo katikati, kijana wa Ruaha, penye mashamba ya miwa njia ya Mikumi, aliyechaguliwa kusoma saikolojia ana miezi kadhaa ya kukaa nyumbani. Malori ya miwa yanapishana, na majirani wanamuuliza kama ni kweli anakwenda kufundishwa kusoma mawazo ya watu. Sivyo. Mwaka wa kwanza atajifunza, pamoja na mengine, namna binadamu anavyoelewa, anavyokumbuka na anavyosahau. Elimu hiyo inafaa aanze kuitumia kwake mwenyewe.

Shuleni wengi hupita kwa kukariri madesa na kukesha usiku wa kuamkia mtihani. Chuoni mbinu hiyo huchoka mapema. Mhadhiri hataji kila neno. Hutoa dondoo, hutaja kitabu, akaendelea. Mwenye kungoja mwisho wa muhula hujikuta ana mlima wa kurasa na usiku mmoja wa kuupanda, na sapu, yaani mtihani wa kurudia, inamnyemelea.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichunguza kukumbuka na kusahau kwa kujipima yeye mwenyewe, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zilivyompotea. Kwa zoezi moja, marudio 38 aliyoyagawa kwa siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Kichwa kilikuwa kilekile, na jasho karibu nusu.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kukisoma. Jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma, kisha vitatu vya kuandika linachokumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye waliosoma tu waliongoza. Wiki moja ilipopita, waliojipima walikumbuka asilimia 61, na wale wengine 40. Ajabu ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kuwa wangekumbuka! Ukurasa uliosomwa mara nyingi huzoeleka machoni, na msomaji hudhani ameuelewa.

Kwa hiyo, jioni baada ya kipindi, daftari lifungwe. Mwanafunzi achukue karatasi tupu aandike alichobaki nacho, ndipo alifungue na kujisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Zoezi hilo linaudhi, kwa sababu mapengo huonekana wazi. Arudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki.

Lugha nayo ina uzito wake. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili atakutana na dhana ngumu kwa Kiingereza, na rahisi ni kuzimeza kama zilivyo. Afadhali ajaribu kumweleza mama yake jikoni. Mbwa wa mwanasayansi Pavlov, aliyedondokwa mate kwa kusikia mlio uliozoeshwa kuja na chakula, hana ugeni wowote Ruaha: kuku wa uani hukimbilia mlangoni wakisikia tu mfuniko wa ndoo ya pumba. Mama akiuliza, "Na pumba zisipotolewa siku kumi?" kijana atakuwa ameulizwa swali halisi la mtihani.

Yupo atakayejiona hana kichwa cha chuo. Huyo na asikie habari ya Bagamoyo. Watafiti Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto wa shule wa eneo hilo wenye miaka 11 hadi 13, wakawafundisha mbinu za kufikiri kwa muda usiofika saa nzima, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba alama za mara ya kwanza zilikuwa zimeficha uwezo mwingi.

Siku ya kuondoka, basi likishaiacha Ruaha na kuelekea Kidodi, kijana aweke simu mfukoni na kujiuliza mambo matatu aliyoyasoma wiki iliyopita. Hadi Mikumi atakuwa amejua lipi limebaki na lipi la kurudia.