Varikoseli: Mume Naye Apimwe

Ndoa ikipitisha mwaka bila mimba, ukoo wote humtazama mke. Mawifi wataulizana, atapelekwa kwa mganga, atapimwa homoni na mirija ya uzazi, huku mume akiwa hajaguswa na daktari yeyote. Hiyo ni dhuluma, na ni kupoteza muda pia, kwa sababu katika karibu nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, mwanamume anachangia tatizo, akiwa peke yake au pamoja na mkewe. Na miongoni mwa kasoro za mume zinazoweza kurekebishwa, inayoonekana mara nyingi kuliko zote ni varikoseli.

Varikoseli ni kutanuka kwa vena, yaani mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani. Ndani ya vena hizi mna vali ndogo zinazozuia damu isirudi ilikotoka. Vali zikilegea, damu hutuama na mishipa hujaa na kujipinda, hata ukiipapasa utadhani ni minyoo iliyojikunja ndani ya mfuko. Wagonjwa 9 kati ya 10 huipata upande wa kushoto, kwa kuwa vena ya upande huo ni ndefu zaidi na hupanda mpaka kwenye vena ya figo, ambako huingia kwa pembe inayofanya damu ipite kwa shida.

Korodani hutengeneza mbegu vizuri zikiwa na joto pungufu ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4, ndiyo maana Mungu akaziweka nje. Damu ya moto ikituama hapo, joto hupanda na kemikali haribifu hujikusanya. Mbegu hupungua, huwa goigoi, na nyingine hutoka zikiwa na maumbile mabovu.

Lakini mwenye varikoseli asijihesabu mgumba. Takriban wanaume 15 kati ya 100 wanayo, na wengi wao wana watoto. Miongoni mwa wanaotafuta tiba kwa kukosa mtoto wa kwanza, idadi hupanda hadi 35 au 40 kati ya 100.

Wala hali hii si upungufu wa nguvu za kiume. Mtu anaweza kuwa hodari kitandani na kutoa shahawa nyingi, na shahawa hizo zikawa na mbegu chache mno. Dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa mitaani hazigusi vena hizo. Sindano za testosterone ni mbaya zaidi: huuambia ubongo kuwa homoni inatosha, na korodani zikaacha kutengeneza mbegu. Anayetafuta mtoto asikubali kuchomwa.

Watu wa Pwani huichanganya na busha au ngiri. Busha ni maji yanayojaa kuizunguka korodani, na kwetu mara nyingi chanzo chake ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ngiri ni utumbo unaoteremka kupitia kinena. Varikoseli ni mishipa, na wengi hawasikii chochote; wengine huhisi uzito au maumivu ya chini chini baada ya kusimama kutwa, yanayopoa wakilala.

Uchunguzi wake ni mwepesi. Daktari atakupapasa ukiwa umesimama, kisha atakwambia uzuie pumzi na kujikamua kama anayekwenda haja. Ultrasaundi husaidia pale mkono unapokuwa na shaka. Varikoseli inayoonekana kwenye ultrasaundi tu, bila kugusika kwa mkono, haihitaji upasuaji. Ukiambiwa ulipie, tafuta daktari wa pili.

Kipimo cha shahawa ndicho kinachoharibiwa sana kwa kutoelezwa. Jizuie na tendo la ndoa siku 2 hadi 7. Toa shahawa ndani ya chombo safi ulichopewa maabara, bila sabuni, mafuta wala mate, na zote zikusanywe. Anayeona vizito kujichua kwa sababu ya dini aulizie kondomu maalumu isiyo na dawa ya kuua mbegu, aitumie na mkewe. Sampuli ifike ndani ya saa moja, ikiwa karibu na joto la mwili. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, kiwango cha chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, 42% zikiwa zinatembea. Jibu likiwa baya, rudia baada ya wiki kadhaa kabla ya kuamua lolote.

Upasuaji unafaa pale varikoseli inapogusika, shahawa zina kasoro, na mke hana tatizo au analo linalotibika. Mwaka 1952 Selby Tulloch wa Edinburgh alieleza habari za mwanamume asiye na mbegu hata moja aliyefanyiwa upasuaji huo, mbegu zikarudi na mkewe akashika mimba. Siku hizi daktari hukata sehemu ndogo kwenye kinena na kuzifunga vena mbovu. Akitumia hadubini, uwezekano wa tatizo kurudi au busha kufuata hupungua sana. Mbegu huchukua siku 70 na ushee kukamilika, kwa hiyo pima tena baada ya miezi 3, kisha 6. Wagonjwa kama 2 kati ya 3 huona shahawa zikiwa bora, ingawa si wote watakaopata mtoto. Mke akiwa amevuka miaka 35, jadilianeni na daktari kama kuna muda wa kusubiri.

Vena zikivimba upande wa kulia pekee, zikitokea ghafla ukubwani, au zisiponywea ukilala, omba tumbo na figo zipigwe picha, kwani uvimbe wa figo unaweza kuziba njia ya damu. Maumivu makali ya ghafla ya korodani ni dharura: huenda imejinyonga, na ina saa 6 hivi za kuokolewa.

Mkienda kliniki, nendeni wote wawili tangu siku ya kwanza, na mke asipasuliwe kwa ajili ya kutafuta mtoto kabla shahawa za mume hazijapimwa.