SOMO: UKIUZA GARI LAKO NA MNUNUZI AKAACHA KULIPA



Somo letu la safari hii linahusu kuuza gari lililotumika kwa malipo ya kidogo kidogo hapa Uganda. Ni jambo la kila siku. Mfanyakazi amejinyima miaka mingi akanunua gari. Sasa ada za shule zimemkaba, naye analiuza. Mnunuzi hana fedha zote. Anatoa nusu, anaahidi nusu nyingine kila mwisho wa mwezi, kisha anaondoka na gari. Mwezi wa nne simu yake haipatikani, na gari linaonekana barabarani likibeba abiria.

Deni la namna hii huondoa fedha mfukoni, tena huondoa amani kazini. Watu waliokuwa wakila pamoja hushikana mashati. Kwa hiyo tusome pamoja, polepole.

MFANO WETU

Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari anauza gari dogo kwa shilingi 8,000,000. Mnunuzi anatoa 4,000,000 mkononi. Zilizobaki 4,000,000 wanapatana zilipwe kwa miezi minane, kila mwezi 500,000. Mnunuzi analipa miezi mitatu, jumla 1,500,000, kisha ananyamaza. Deni lililobaki ni shilingi 2,500,000. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

1. GARI NI LA NANI SASA?

Wengi husema, "Hajamaliza kulipa, basi gari bado ni langu." Sivyo daima. Kwa sheria ya uuzaji wa bidhaa, mali huhama kwa mnunuzi wakati ule ambao nyinyi wawili mlikusudia ihame. Kama mliuziana, ukampa funguo, na hamkusema neno jingine, gari laweza kuhesabiwa kuwa lake tayari. Kilichobaki mkononi mwako ni haki ya kudai fedha.

Tena kuna hatari ya pili. Mnunuzi wako akimwuzia mtu wa tatu, na huyo akanunua kwa nia njema bila kujua habari za deni, kulirudisha gari kwaweza kushindikana kabisa.

Kwa hiyo neno moja katika mkataba lina uzito kuliko maneno mia ya mdomo: "Gari litabaki mali ya muuzaji mpaka shilingi ya mwisho ilipwe."

2. MKATABA UWE NA NINI?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 ilitaka mkataba wa mali inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Gari lolote linavuka hapo. Andikeni nakala mbili, kila mmoja akae na yake, na ndani yake muweke haya:

(a) Majina kamili, namba za vitambulisho vya taifa, kijiji na namba za simu za wote wawili.

(b) Namba ya gari, namba ya chasisi na namba ya injini, kama zilivyo kwenye logbuku.

(c) Bei, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki, na tarehe ya kila fungu. Usiandike "mwisho wa mwezi". Andika "tarehe 5".

(d) Maneno tuliyotaja juu, kwamba gari ni la muuzaji mpaka deni liishe, na kwamba mnunuzi akishindwa atalirudisha. Andikeni pia fedha alizokwisha kulipa zitahesabiwaje.

(e) Kwamba akikosa mafungu mawili, deni lote litadaiwa mara moja. Bila maneno haya, huenda ukaruhusiwa kudai yale mafungu ambayo siku zake zimepita, si yote.

(f) Mashahidi wa kila upande. Mwenyekiti wa LC1 akiweka muhuri ni vizuri, lakini muhuri wake ni ushahidi tu, hauhamishi gari.

Logbuku kaa nayo mpaka umalizwe kulipwa. Usitie sahihi fomu ya kuhamisha gari ukamwachia ikiwa tupu. Lakini fahamu pia mzigo wake: maadamu jina lako limo katika usajili, faini na lawama za ajali zitakutafuta wewe kwanza. Hakikisha gari lina bima ya mtu wa tatu, inayotakiwa na sheria ya mwaka 1989, na uweke nakala yake.

Mwenye mali kubwa anaweza kwenda hatua moja zaidi. Sheria ya mwaka 2019 juu ya dhamana za mali inayohamishika ilifungua rejista, nayo iko chini ya ofisi ya usajili, URSB. Ukiandikisha haki yako humo, anayetaka kununua gari hilo anaweza kutazama akajua kuwa lina deni.

3. AMEACHA KULIPA. TUFANYEJE?

Kwanza, nenda ukamwone, na mtu mmoja wa kushuhudia. Sikiliza. Huenda ameugua, huenda gari limeharibika. Mwenye shida ya kweli atakubali mpango mpya, na mpango huo uandikwe na kutiwa sahihi. Karatasi hiyo inakusaidia: deni lililokubaliwa kwa maandishi ni vigumu kukanwa baadaye.

Pili, kusanya ushahidi. Mkataba, risiti, ujumbe wa malipo ya simu, hata maneno mliyoandikiana kwa simu. Usifute.

Tatu, andika barua ya madai. Taja mkataba wa tarehe gani, amelipa kiasi gani, amebakiza kiasi gani, na mpe siku 14. Mpe mbele ya shahidi, au atie sahihi nakala yako kuwa ameipokea.

Nne, akikaa kimya, nenda mahakamani. Usingoje mno. Haki ya kudai deni la mkataba hufungwa baada ya miaka 6.

4. MAHAKAMA IPI?

Mahakama ya baraza la kijiji, chini ya sheria ya mwaka 2006, ilipewa madai ya deni na mkataba yasiyozidi shilingi 2,000,000. Mfanyakazi wetu anadai 2,500,000, kwa hiyo amevuka.

Asihuzunike. Kanuni za Madai Madogo za mwaka 2011 zilifungua njia mbele ya hakimu kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Hapo wakili haruhusiwi kusema kwa niaba ya mtu. Unasimama mwenyewe na karatasi zako. Barua ile ya siku 14 ndiyo ngazi ya kwanza ya njia hiyo. Mwulize karani wa mahakama akupe fomu, na kama hujui kuandika vizuri, katibu wa tawi akusaidie.

5. MAMBO YA KUJIEPUSHA NAYO

Usiende usiku na funguo za akiba ukalichukua gari. Kama halikuwa lako tena, utashtakiwa wewe kwa wizi, na mdaiwa atasimama kama mwenye kudhulumiwa. Hata kama mkataba unakupa haki ya kulirudisha, lirudishe kwa amani na mashahidi. Akikataa, mwachie dalali wa mahakama mwenye amri ya hakimu. Na ukilirudisha gari, huwezi tena kushika gari na kudai bei yote juu yake. Fedha alizokwisha kukupa lazima zihesabiwe.

Usimlipe askari akukusanyie deni. Deni ni shauri la madai. Polisi wana kazi pale penye kosa la jinai, kama vile hundi isiyo na fedha benki au jina la uongo.

Usitegemee ofisi ya mishahara imkate mwenzako. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 iliwekea makato mipaka, na mipaka hiyo inakulinda wewe pia siku utakapodaiwa.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika mfano wetu, mkataba ungekosa maneno ya (e), na mafungu mawili tu yamepita siku zake, mfanyakazi angeweza kudai kiasi gani leo? Je, angeweza kwenda mahakama ya baraza la kijiji?

2. Kwa nini kukaa na logbuku peke yake hakutoshi?

3. Mnunuzi anasema, "Gari liliharibika wiki ya pili, silipi." Ni maneno gani yangewekwa katika mkataba ili ubishi huo usitokee?

Katibu wa tawi asome somo hili kwa sauti kwa ndugu wasiojua kusoma, na kila anayetaka kuuza gari au pikipiki alete mkataba wake utazamwe kabla ya kutoa funguo. Baada ya funguo kutoka, kazi huwa ngumu mara mbili.